Usafiri wa umma na hewa tunayovuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimwambia mtu kwamba siku hizi gari langu hulala nyumbani siku nne kati ya tano za kazi, kinachofuata ni maswali. Mengine ni ya ubishi, mengi ni ya haki kabisa. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyoyaelewa, bila kuficha pale ambapo basi linashindwa. Kilichonisukuma kuanza ni kimoja: mwanangu ana pumu, na dirisha la chumba anacholala linatazama barabara.

Hewa inachafuliwa na viwanda, vumbi na moshi wa taka. Kwa nini mnaanza na magari?

Hivyo vyote vina sehemu yake, na vyote vinahitaji kushughulikiwa. Ila moshi wa gari una jambo lake la pekee: unatoka usawa wa watu. Bomba la kiwanda limeinuliwa juu, moshi wake hutawanyika kabla ya kushuka. Bomba la gari liko chini ya magoti ya mtu mzima, yaani karibu kabisa na uso wa mtoto anayeshikwa mkono kuvuka barabara. Na gari haliendi porini. Linapita penye shule, penye soko, penye zahanati, mahali ambapo watu wamejaa.

Sababu ya pili ni nyepesi zaidi. Funguo za kiwanda sina. Za gari ninazo.

Ukubwa wa tatizo si wa kubishaniwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati, na kwamba asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyozidi viwango vyake. Kwa hiyo usidhani ni shida ya mji fulani wenye bahati mbaya.

Moshi wa gari una nini hasa?

Una vinavyoonekana na visivyoonekana, na visivyoonekana ndivyo vibaya zaidi.

Masizi unayaona. Chukua kitambaa cheupe, ufute ukingo wa dirisha linalotazama barabara yenye magari mengi, hasa kama hukulifuta kwa wiki moja. Vumbi la kawaida ni la kahawia na hupukutika. Hili utakaloliona ni jeusi, laini, lina utelezi kidogo kama limechanganywa na mafuta, na ukilisugua kidoleni linaingia kwenye mistari ya ngozi likakataa kutoka kwa maji matupu. Nilipofuta dirisha la mwanangu kwa mara ya kwanza nikiwa na wazo hili kichwani, nilisimama na kile kitambaa mkononi muda mrefu. Kilichokuwa kimetua pale ni kile ambacho hakikuingia kifuani mwake.

Chembe ndogo zaidi huzioni kabisa. Wataalamu huziita chembechembe laini, zenye kipenyo cha chini ya mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua na koo hunasa vumbi kubwa, lakini hizi hupita zikafika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kupita zote huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu haiui kwa kikohozi tu. Inaua pia kwa kiharusi na kwa magonjwa ya moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembechembe hizi kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata kidogo kinadhuru.

Halafu kuna naitrojeni dioksidi, gesi inayowasha njia za hewa na kuchokoza pumu. Gesi za jamii hiyo zikikutana na mvuke wa mafuta chini ya jua kali, huzaa ozoni karibu na ardhi, nayo hukereketa kifua. Wengi huihisi alasiri za joto bila kujua ni nini. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kundi lilelile la moshi wa sigara.

Mjini London, mtoto wa kike wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara kuu alifariki mwaka 2013 baada ya kulazwa mara nyingi kwa pumu. Mwezi Desemba 2020, mchunguzi rasmi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza hewa chafu kutajwa hivyo katika sababu za kifo cha mtu. Mama yake alipigania miaka mingi ili jambo hilo liandikwe.

Lakini mabasi nayo yanatoa moshi mweusi. Afadhali iko wapi?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na linastahili hesabu.

Chukua basi kubwa la dizeli linalokula lita 40 kwa kilomita 100. Chukua gari dogo la petroli linalokula lita 8 kwa umbali huohuo. Ukitazama tu bomba na bomba, basi linaonekana ndilo jambazi: linakula mara tano. Sasa hesabu vichwa. Basi limebeba watu 45. Magari madogo mijini hubeba kwa wastani takriban mtu mmoja na nusu, kwa hiyo watu hao 45 wangehitaji magari 30. Magari 30 mara lita 8 ni lita 240. Basi linatumia 40. Ni sehemu moja ya sita ya mafuta, kwa watu walewale, kwenye njia ileile. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi na ya petroli kilo 2.3, kwa hiyo hata ukirekebisha kwa tofauti hiyo, basi linabaki kwenye sehemu moja ya tano.

Hapo bado hujagusa foleni. Magari 30 yakipangana yanajaza zaidi ya mita 100 za barabara hata yakigusana bampa. Basi linachukua mita 12. Foleni yenyewe ni kiwanda cha moshi. Injini inanguruma bila kwenda popote, kisha kila gari linakanyagwa mafuta kusogea hatua tatu, kisha breki. Na breki nazo zinachafua: unga wa breki, wa tairi na wa lami ni sehemu kubwa ya chembechembe za barabarani, na unga huo hauna habari kama gari linatumia petroli au umeme.

Pamoja na hayo, sitakuficha. Kwa upande wa masizi peke yake, basi chakavu la dizeli, lisilo na kichujio na linalotiwa mafuta yenye salfa nyingi, linaweza kutoa mengi kuliko msururu wa magari ya petroli yaliyo mazima. Hilo lina dawa, na dawa yake si kurudi kwenye gari lako. Kichujio kizuri kwenye bomba hunasa zaidi ya asilimia 90 ya masizi, ila kinahitaji mafuta yenye salfa kidogo, la sivyo huziba na kuharibika. Na yapo mabasi ya umeme: mji wa Shenzhen nchini China ulikamilisha kubadili mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa mwaka 2017. Kusafisha mabasi elfu kumi na sita ni kazi inayopangika. Kusafisha magari milioni ya watu binafsi, kila mmoja na fundi wake, ni hadithi nyingine.

Na basi likienda tupu?

Kwa mfano ule wa juu, ukihesabu lita za mafuta, abiria wanane wanatosha kulifanya basi liwe nafuu kuliko magari. Chini ya hapo, safari hiyo moja ni hasara. Lakini usilipime basi kwa safari moja. Asubuhi linaingia mjini limejaa hadi mlangoni, linarudi na watu watano, na bila safari hiyo ya kurudi lisingeweza kuwabeba wengine. Litazame siku nzima.

Na kama linapita tupu mbele yako kila siku, hiyo ni sababu ya kulipanda. Dereva amekwisha washa injini.

Mimi ni mtu mmoja. Nikiacha gari, hewa itabadilika?

Hewa ya dunia, hapana. Ya mtaani, inabadilika kwa kadiri watu wanavyoongezeka, na tunajua hivyo kwa sababu mara kadhaa jambo hili limepimwa, hata kinyumenyume.

Nchini Ujerumani watafiti walichunguza siku ambazo wafanyakazi wa mabasi na treni waligoma katika miji mitano mikubwa kati ya mwaka 2002 na 2011. Watu wakatoa magari. Chembechembe hewani zikapanda kwa takriban asilimia 14 wakati wa asubuhi wa kwenda kazini, na watoto wadogo waliolazwa kwa matatizo ya kupumua wakaongezeka kwa takriban asilimia 11. Mji uleule, watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba basi halikuja. Mimi takwimu hiyo huisoma upande wa pili: kila siku ambayo mabasi yanatembea, kuna watoto ambao hawafiki hospitali, na hakuna anayewahesabu.

Mjini Taipei, reli ya mjini ilipofunguliwa mwaka 1996, watafiti walikuta kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mabomba ya magari, imeshuka kwa kati ya asilimia 5 na 15. Stockholm ilianza kwa majaribio kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 2006, ikiwa imeongeza mabasi kabla ya hapo, na magari yaliyovuka mpaka huo yakapungua kwa takriban moja ya tano.

Kuna kitu kingine ambacho abiria mmoja mmoja hakioni. Abiria wakiongezeka, mabasi huongezwa. Mabasi yakiongezwa, muda wa kusubiri hupungua. Muda ukipungua, abiria huongezeka tena. Kwenye barabara ya magari mambo ni kinyume: kila anayeongezeka anamchelewesha mwenzake. Ukipanda basi unamsaidia hata usiyemjua anayesubiri kituo cha mbele.

Nikiwa ndani ya gari nimefunga vioo, si niko salama na moshi?

Wengi huamini hivyo, nami niliamini. Gari linavuta hewa yake kutoka mbele, na mbele kuna bomba la gari lingine. Vipimo vilivyofanywa ndani ya magari kwenye foleni mara nyingi hukuta uchafu mwingi kuliko ule anaovuta anayetembea kando ya barabara, kwa sababu anayetembea yuko mita chache pembeni na upepo unamsaidia. Kufunga tundu la hewa ya nje kunapunguza chembechembe, lakini baada ya muda pumzi zenu wenyewe hujaa ndani na dereva huanza kusinzia.

Na kituoni je? Si ndipo ninapovuta moshi zaidi?

Kituo kilicho kando ya barabara yenye foleni si mahali safi, kweli. Simama nyuma, usisimame ukingoni. Hatua chache tu kutoka magari yanapopita zinaleta tofauti, na uchafu hupungua haraka kadiri unavyoachana na barabara. Usisimame nyuma ya basi lililoegeshwa injini ikiwaka. Kama una mtoto mgongoni au mkononi, mweke upande wa mbali na barabara. Ukiweza kufika kituoni kwa njia ya ndani ya mtaa badala ya kufuata barabara kuu, fanya hivyo hata kama inaongeza dakika mbili.

Si bora ninunue gari la umeme?

Kama lazima uwe na gari, la umeme ni bora kuliko la petroli: halina bomba, na mtaani kwako halitoi gesi. Lakini tairi zake zinasagika kama za wengine, linajaza barabara kama wengine, na linamzuia basi kupita kama wengine. Foleni ya magari ya umeme ni foleni.

Pikipiki inakula mafuta kidogo. Nayo ni mbaya?

Mafuta kidogo si moshi kidogo. Pikipiki nyingi hazina vifaa vya kusafisha moshi kama vya magari, na zile za injini ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana huacha moshi wa samawati nyuma yake. Kama kazi yake ni kukufikisha kituoni na kukupokea, ina nafasi yake. Kwa safari nzima ya kila siku, basi ni bora kwa hewa, na kwa mifupa yako.

Basi linachelewa. Sina muda huo.

Hapa sina jibu la kukupoza. Pale ambapo basi huja likitaka, unapoteza muda, na anayekuambia vingine hapandi basi. Tiba inajulikana: njia maalumu ya mabasi. Mji wa Curitiba nchini Brazili ulianza kuyapa mabasi njia yake mwaka 1974, na baadaye ukaweka vituo ambapo abiria hulipa kabla ya kupanda ili basi lisisimame muda mrefu. Bogotá ikafuata mwaka 2000 kwa mfumo mkubwa zaidi. Njia moja ya barabara iliyoachiwa mabasi hupitisha watu mara kadhaa zaidi ya njia hiyohiyo ikijazwa magari madogo. Ikitengwa njia ya namna hiyo kwenu, msiilalamikie kwamba inaonekana tupu. Inaonekana tupu kwa sababu inafanya kazi.

Kwa sasa, fanya jambo moja: pima safari yako mara tatu, mlango hadi mlango, kwa gari na kwa basi. Kwa gari hesabu na muda wa kutafuta maegesho. Nilipopima yangu, tofauti niliyokuwa nadhani ni saa nzima ilikuwa dakika ishirini na tano. Dakika hizo si chache, ila ndani ya basi nasoma, na kwenye usukani nilikuwa nagombana na watu nisiowajua.

Basi hujaa sana. Si nitapata magonjwa?

Fungua madirisha. Hewa inayopita ndiyo kinga ya kwanza. Ukiwa na kikohozi vaa barakoa, na kama unaweza kusogeza muda wako wa kutoka hata kwa nusu saa, utakuta basi jingine kabisa.

Mimi ni mwanamke na narudi usiku. Mnataka nisimame kituoni gizani?

Hapana. Hakuna anayepaswa kuhatarisha mwili wake kwa ajili ya hewa safi. Kituo kisicho na taa, basi ambalo mwanamke anashikwashikwa na watu wananyamaza, kondakta mwenye matusi: haya yanawafukuza abiria kuliko nauli, na anayepanga usafiri bila kuwauliza wanawake anapanga nusu ya kazi. Panda basi asubuhi, na jioni rudi kwa njia unayoiamini. Nusu ya safari ni nusu ya moshi. Na sisi wanaume tulio ndani ya basi tuna wajibu wa kusimama tukiona mtu anasumbuliwa.

Nina watoto wawili, mizigo, na mama mgonjwa wa miguu.

Tumia gari. Barabara ikipunguziwa magari ya wanaoweza kupanda basi, wewe na mama mtapita vizuri zaidi.

Nauli ikifanywa bure, watu hawatahama wote?

Tallinn iliwaondolea wakazi wake nauli mwaka 2013, na Luxemburg ikaifuta nchi nzima mwaka 2020. Ni msaada mkubwa kwa mwenye kipato kidogo, na ningeufurahia popote. Lakini mwenye gari hababaishwi sana na nauli. Anababaishwa na kusubiri. Nikipewa fedha kidogo nichague, nitaongeza mabasi kwanza, nauli baadaye.

Halafu kumbuka hesabu ya gari inavyotudanganya. Bima, matengenezo, tairi na kushuka kwa bei vimeshalipwa au vinakuja baadaye, hivyo asubuhi tunalinganisha nauli na petroli tu.

Nianzeje?

Anza na safari moja inayojirudia, si maisha yote. Chagua siku mbili za wiki ambazo huna mizunguko mingi. Jaribu njia hiyo kwanza siku ya mapumziko ili ujue kituo kiko wapi na basi lipi linapita. Weka nauli tayari usiku. Vaa viatu vya kutembea.

Zitazame pia safari fupi za gari, za kilomita moja au mbili. Kifaa kinachosafisha moshi ndani ya bomba hakifanyi kazi vizuri hadi kipate moto, kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kuwasha ndizo chafu kuliko zote. Safari ya dukani inaisha kabla kifaa hakijaamka. Hizo ni za miguu.

Nikiona basi linatoa moshi mweusi mzito, nifanye nini?

Usinyamaze, na usiishie kulipiga picha na kucheka. Andika namba ya usajili, njia linayopita, mahali na saa. Angalia pia lilikuwa linafanya nini: moshi mweusi wakati wa kuondoka au kupanda mlima mara nyingi ni kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli mbovu, mambo ambayo fundi huyarekebisha, moshi wa samawati ni oili inaungua ndani ya injini, na hilo ni kubwa zaidi. Peleka taarifa kwa mwenye basi kwanza, kisha kwa mamlaka inayotoa leseni za usafiri. Malalamiko ya mtu mmoja huwekwa pembeni, kwa hiyo waombe abiria wenzako wawili watatu waandike kuhusu basi lilelile, kila mmoja kwa tarehe yake. Mimi nina daftari dogo la kazi hiyo kwenye mkoba. Lina kurasa sita zilizojaa, na mabasi mawili kati ya yaliyomo sasa yanapita chini ya dirisha la mwanangu bila kuacha wingu.